Shangazi Jikoni: Aiskrimu ya stroberi imekuwa jiwe, nimekosea wapi?

Haya wapenzi, toleo lililopita niligusia aiskrimu ya stroberi kwa mistari minne tu, nikasema chapa krimu, tia maziwa mazito ya kopo, changanya na vipande vya stroberi, gandisha, basi nikahamia kwenye maandazi. Kumbe nimechokoza nyuki. Maandazi hakuna aliyeuliza, meseji zote za stroberi, na nyingine zina hasira kabisa. Nimechagua hizi chache, nyingine zinafanana.

*

Shikamoo shangazi. Mimi nipo Tabata, nina watoto watatu na kafriza kale kadogo ka juu ya friji. Krimu niliona bei nikaiacha, nikasema si maziwa tu yote ni ng'ombe mmoja. Nikachukua stroberi vipakti viwili, nikasaga kwenye blenda na maziwa fresh lita 1 na sukari kidogo mana sipendi sukari nyingi, nikamimina kwenye kopo nikagandisha. Asubuhi nimekuta jiwe! Kijiko kimepinda, nimechukua kisu kikateleza nusura nijikate, na rangi yenyewe imekuwa kijivu kijivu kama maji ya kufulia. Watoto wamesema mama hii ni barafu, baba yao ndo kacheka mpaka kakohoa. Nimekosea wapi? Au mpaka ninunue mashine?

Marahaba mwanangu, pole na kijiko. Mashine sio shida yako, shida yako ni maji. Stroberi unayoiona nyekundu imejaa hivo, karibu asilimia 90 ni maji matupu, na maziwa ya ng'ombe nayo asilimia 87 hivi ni maji, kwaiyo ulichofanya ni kuchukua maji ukasagia kwenye maji ukaweka kwenye friza, sa ulitegemea itoke nini kama sio barafu? Watoto wamesema kweli, usiwagombeze.

Aiskrimu inakuwa laini kwa vitu vitatu, mafuta, sukari na hewa. Mafuta yanakaa katikati ya zile chembe za barafu yanazizuia zisishikane. Sukari inafanya sehemu ya maji isigande kabisa ata kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri, ndo mana ukipunguza sukari unapata tofali, hapo umejiponza mwenyewe (alafu ulimi ukipata baridi unasikia utamu kidogo, mchanganyiko ukionja wa moto ukaona umezidi utamu ujue ukiganda utakuwa sawa). Na hewa inaingia kwa kuchapa. Wewe yako haikuwa na mafuta ya kutosha, sukari umebania, hewa ile ya blenda imetoka yote wakati inaganda taratibu kwenye hako kafriza, na kitu kikiganda taratibu bila kukorogwa chembe za barafu zinakuwa kubwa, unazisikia kwenye meno kama mchanga.

Sasa fanya hivi. Stroberi nusu kilo, zioshe kabla hujatoa vile vikonyo vya kijani mana ukitoa kwanza maji yanaingia ndani, na sisi hapa tunayakimbia maji. Katakata, tia kwenye sufuria na sukari vijiko 3 vya chakula na maji ya nusu ndimu, moto mdogo, usiongeze ata tone la maji. Zitajitoa maji zenyewe, utashangaa. Koroga koroga dakika 15 mpaka 20, mpaka ukipitisha mwiko chini ya sufuria njia inabaki wazi kidogo kabla haijajifunga. Ile nusu kilo itarudi kama kikombe kimoja, usiogope, hujapoteza kitu, kilichoondoka ni maji na ladha yote imebaki hapo. Ndimu usiiache, ule wekundu wa stroberi unapenda uchachu, ukikutana na maziwa bila uchachu unafifia unakuwa zambarau chafu, na hicho ndo kijivu chako. Ukiona bado imepauka kachemshie humo kipande kidogo cha biturutu kama kidole alafu kitoe, hakuna atakayejua. Acha ipoe kabisa, ikalale friji.

Kwenye krimu sikudanganyi, inauma mfukoni. Nusu lita, na soma boksi, tafuta yenye mafuta asilimia 35 au zaidi, ile ya kupikia supu na pasta yenye mafuta kidogo utachapa mpaka mkono ufe haisimami. Kuna ile ya unga wanauza kwenye maduka ya vifaa vya keki Kariakoo, inachapika vizuri na joto letu inalivumilia, ila mi siipendi kwenye aiskrimu, ni mafuta ya mimea, inakuachia kitu kama mshumaa juu ya mdomo. Kwa keki sawa.

Bakuli na vyuma vya kuchapia viweke friza nusu saa kabla, krimu yenyewe iwe imelala friji, na fanya alfajiri au usiku. Hili Dar ni lazima, sio mbwembwe. Mafuta ya krimu yakipata joto yanalainika yanashindwa kushika hewa, mchana wa Februari na feni inakupulizia joto utabaki na maziwa yenye povu. Chapa mpaka ukiinua vile vyuma krimu inasimama kidogo alafu inainamisha kichwa, hapo ACHA. Mi nilishawahi kuzidisha huku naangalia tamthilia, nikashtuka nina siagi na maji pembeni, tukapaka mkate.

Chukua kopo la maziwa mazito matamu, lile la gramu 397, nalo liwe limepoa, changanya na ile rojo ya stroberi, alafu ndo uingize krimu kidogo kidogo kwa kijiko kikubwa, unakunja toka chini kuja juu, usikoroge kama ugali utatoa hewa yote uliyoihangaikia. Mimina kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko, laza nailoni juu iguse aiskrimu yenyewe, sukuma nyuma kabisa ya friza sio mlangoni, saa 8. Na waambie wanao wasifungue fungue. Kama kwenye hiyo friza unauza pia barafu za ukwaju, wateja wanakugongea kila dakika, basi gandisha usiku wakishalala.

Bila krimu inawezekana pia, itakuwa nzuri ila sio ileile. Chemsha hiyo lita 1 ya maziwa moto mdogo huku unakoroga mpaka ibaki nusu lita, tia vijiko 4 vya maziwa ya unga, sukari robo kilo kasoro, na vijiko 2 vya konflawa uliyoivuruga kwenye maziwa baridi, iive iwe kama uji mwepesi. Ikipoa changanya na rojo ya stroberi, weka friza, na kila baada ya dakika 40 toa uichape kwa uma mpaka kingo zilizoganda ziingie katikati, mara 4 au 5. Hiyo ndo mashine yako. Mkono wako.

*

Shangazi mimi nimekukasirikia. Toleo lililopita umesema nitie vipande vya stroberi, nikatia, tena nikajidai nikaviacha vikubwa vionekane. Mama mkwe kaja Jumapili kauma kimoja kikalia KAA, kashika shavu, kanyamaza mpaka anaondoka. Sasa hivi mume wangu ananiuliza ulimpa nini mama. Nipo Kijitonyama.

Uwii. Hili kosa ni langu, naomba radhi kwako na kwa mama. Niliandika vipande nikijua mwenyewe naviloweka kwanza, nikasahau kwamba nyie hamko kichwani mwangu. Stroberi mbichi ukiigandisha ni kokoto tu. Dawa yake, vikate vidogo kama punje ya mahindi, nyunyizia sukari vijiko 3 kwa kila kikombe, funika friji usiku mzima. Sukari itavuta maji nje na nyingine itaingia ndani ya kipande, asubuhi mwaga yale maji mekundu (usimwage kwenye sinki jamani, yachemshie kwenye rojo), vile vipande vilivyonyauka ndo utie aiskrimu ikiwa imeshaanza kushika. Vitaganda ila vitatafunika kama jojo.

Mama mkwe mpelekee nyingine. Usimwambie ni ya shangazi.

*

Habari za leo shangazi, mimi kijana wa Kigamboni nakaa geto, friza sina, friji sina. Nimeona watu wanatengeneza aiskrimu kwa ndoo na chumvi, hivi ni kweli au ni zile za mtandaoni za kudanganyana? Mana kuna mtu anakuja Jumamosi nataka nimshangaze.

Nzuri mwanangu, na salamu kwa huyo mtu. Ni kweli tupu, tena hiyo ndo njia ya zamani kuliko friza yako ambayo huna. Mwaka 1843 kule Marekani mwanamke anaitwa Nancy Johnson alipata hatimiliki ya ndoo ya aiskrimu yenye mkono wa kuzungusha, ndani mkebe wa mchanganyiko, pembeni barafu na chumvi, na hadi leo wanaotumia ya mkono wanatumia mtindo uleule.

Inavofanya kazi ni hivi, barafu peke yake ikianza kuyeyuka inakaa kwenye sifuri, na kwenye sifuri mchanganyiko wako hauwezi kuganda sababu una sukari, unataka baridi zaidi. Ukimwagia chumvi barafu inalazimika kuyeyuka ata kama ina baridi chini ya sifuri, na kuyeyuka kunataka joto, sa hilo joto inalichukua wapi? Inalinyang'anya kutoka kwenye mkebe wako. Ukipatia vipimo unafika nyuzi 10 mpaka 15 chini ya sifuri, mwisho wake kabisa ni kama 21.

Wewe uko Kigamboni, umekaa karibu na bahati. Panda pantoni vuka mpaka Feri, pale wanauza barafu ya wavuvi, chukua kilo 6 hivi, ivunje vunje kwenye kiroba kwa nyundo. Sikiliza vizuri, ile barafu ni ya samaki, ni ya KUZUNGUSHIA NJE TU, ikiingia ndani huyo mtu wako utamshangaza kweli ila sio kwa namna unayotaka. Chumvi ya mawe kilo 2, kwa uzito ni barafu 3 kwa chumvi 1. Ndoo kubwa ya plastiki, ndani yake sufuria ya alminiamu yenye mfuniko unaobana, usitumie ya plastiki mana haipitishi baridi. Panga barafu, chumvi, barafu, chumvi, mpaka karibu na shingo ya sufuria, mfuniko ubaki juu kabisa ya maji ya chumvi. Zungusha sufuria kwa mikono kushoto kulia bila kuacha, kila dakika 5 funua ukwangue pembeni uchanganye. Dakika 30 mpaka 40 itakuwa imeshika kama ya mashine. Mchanganyiko tumia ule wa maziwa ya kuchemsha wa mwenzako wa Tabata, krimu huna pa kuihifadhi, uupoze kwanza kwenye beseni la maji. Nusu ya kile kipimo inawatosha wawili. Na vaa glovu au shika na taulo, ile baridi ya chumvi inaunguza ngozi usifanye masihara.

Kuleni palepale. Haingoji.

*

Asalaam aleikum shangazi. Nina resipi ya aiskrimu inasema viini vya mayai 4 vibichi unachapa na sukari unagandisha. Mimi mjamzito miezi 5. Friza si inaua vijidudu?

Waaleikum salaam mpenzi, na hongera. Hapana, friza haiui salmonela, yule kijidudu wa mayai mabichi, inamlaza usingizi tu, ikiyeyuka mdomoni anaamka. Kwa hali yako mayai mabichi achana nayo, na maziwa ya kupimiwa dukani kwa lita uyachemshe ata kama muuzaji anakula kiapo.

Kama unaitaka hiyo ladha ya viini, viivishe kwanza. Pasha maziwa yakaribie kuchemka, mimina kidogo kidogo kwenye viini ulivochapa na sukari huku unakoroga, rudisha vyote kwenye moto mdogo mpaka ipake mgongo wa mwiko na ukichora mstari kwa kidole usijifunge, kama una kipima joto ni nyuzi 80 mpaka 83. Ikipita hapo inakatika inakuwa mayai ya kuvuruga yenye sukari. Chuja, poza haraka. Lakini kusema ukweli kwa stroberi mi naona mayai yanafunika ladha, stroberi ina sauti ndogo, tumia konflawa. Kule Sicilia, Italia, aiskrimu zao nyingi za asili ni za wanga bila mayai, na hakuna anayewaambia hawajui.

*

Shangazi stroberi nzuri Dar zinapatikana wapi, na kwanini kuna siku ni tamu kuna siku ni kama tango? Msomaji, Sinza.

Soko la Kisutu ndo kwangu, na supamaketi ukikosa, kuna vijana pia wanatembeza kwenye foleni. Nyingi zinatoka kwenye baridi, Lushoto, Arusha, Iringa huko, hapa kwetu joto haliziruhusu. Ikishachumwa stroberi haiongezi utamu, sio kama embe kwamba utaifungia kwenye kabati iive, iliyochumwa na mabega meupe ili ivumilie safari itabaki hivohivo, nyekundu nje tango ndani. Kipakti kigeuze uangalie chini, wanapanga nzuri juu. Nusa. Isiyonukia haina kitu. Ila kwa aiskrimu usichague zile kubwa za kupiga picha, chukua zilizoiva zinazokaribia kulainika, wauzaji wanazipunguza bei jioni, ukungu tu ndo usikubali. Ata zilizogandishwa zinafaa mana tunapika.

*

Shangazi mimi naanza kuuza ofisini, nimegandisha makopo 30, umeme ukakatika saa 3 usiku ukarudi saa 11 alfajiri. Aiskrimu zimelainika pembeni katikati ngumu, nimezigandisha tena. Nauza? Naomba unijibu haraka. Ubungo.

Nimekujibu kwa simu siku ileile lakini naweka hapa wengine wasome. Kama katikati ilikuwa bado ngumu na zilikuwa bado na baridi ya barafu, hatari yake ni ndogo, ila zitakuwa na mchanga mdomoni, ile hewa imetoka na chembe za barafu zimekua, mteja wa kwanza akionja hiyo ndo atakuwa wa mwisho. Kula nyie nyumbani au saga iwe milkisheki. Zingekuwa zimeyeyuka zote na zimekaa na joto la chumba zaidi ya saa 2 ningekwambia mwaga, ata kama roho inauma. Kuyeyusha na kugandisha tena vitu vya maziwa na kumuuzia mtu, hapana.

Friza ikijaa na isifunguliwe inashika baridi ata siku nzima na zaidi, ikiwa nusu tupu haifiki mbali, kwaiyo nafasi iliyobaki jaza chupa za maji yagande, umeme ukikatika zinakusaidia. Friza ya kulala inashika kuliko ya kusimama. Safari ya Ubungo mpaka ofisini beba kwenye deli, chini chupa za maji ya chumvi yaliyoganda, chumvi humo ndani inafanya ziwe na baridi kuliko barafu ya maji matupu.

Na kwa vile umefika makopo 30, nenda TBS, Shirika la Viwango, ukaulize usajili wa bidhaa ya chakula, siku hizi ni wao tangu 2019 mambo ya chakula yalipotolewa TFDA, ile iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa. Kwenye kopo andika tarehe uliyotengeneza na kwamba ina maziwa, kuna watu maziwa yanawasumbua tumbo na wana kikao saa 8.